Mkusanyaji wa bastola na mlimbikizaji wa silaha: tofauti iko wapi?

Ukitaja Singer Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, mtu anafikiria cherehani. Wapo Wamarekani ambao wakilisikia jina hilohilo, kinachowajia kichwani ni bastola. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliipa Singer, kwenye kiwanda chake cha Elizabeth, New Jersey, oda ya bastola 500 za aina ya M1911A1. Oda hiyo ilikuwa ya majaribio. Serikali ilitaka kujua kama watengenezaji wa cherehani wangeweza kugeuka watengenezaji wa silaha endapo vita vya Ulaya vingewafikia. Singer walizimaliza zote 500 na zikapokelewa. Baadaye ikaonekana mafundi wa kiwango kile wapewe kazi ngumu zaidi, ikiwemo mitambo ya kuongozea mizinga ya kutungulia ndege, na kazi ya bastola ikaenda kwa viwanda vingine.

Leo bastola halisi ya Singer huuzwa mnadani kwa bei ya nyumba. Ubavuni ina maandishi S. MFG. CO. ELIZABETH, N.J., U.S.A., ina herufi JKC za ofisa wa jeshi aliyeikagua, na namba yake ya mfululizo iko kati ya S800001 na S800500. Ukiacha alama hizo na umaliziaji wake mzuri, ni M1911A1 kama zile ambazo Remington Rand, kampuni ya taipureta, ilitengeneza zaidi ya 800,000 wakati wa vita. Zote zinatumia risasi za aina moja na kuzipiga kwa nguvu ileile. Kwa hiyo anayetoa mamia ya maelfu ya dola kwa ile ya Singer hanunui ulinzi, kwa sababu bastola ya kisasa ya dola mia chache ingemlinda vizuri zaidi. Anachonunua ni ushahidi wa tukio lililowahi kutokea mara moja tu kiwandani.

Nimeanza na Singer kwa sababu huku kwetu, na hata miongoni mwa ndugu zetu walioko Marekani, mtu akisikia kwamba jirani ana bastola thelathini ndani ya sefu, anapata tafsiri mbili tu: ama jirani huyo ni hatari, ama anajiandaa kwa vita. Tafsiri hizo zina sababu zake na sizidharau. Lakini zinaacha nje kundi kubwa la watu wa kawaida, wakiwemo walimu wastaafu, mafundi bomba na madereva wa malori, ambao wanakusanya bastola kwa mapenzi. Kundi hilo lina taratibu zake, lugha yake na hata kipengele chake katika sheria za nchi. Ukitaka kuuelewa mjadala wa silaha Marekani, lazima ujue mtu huyu ni nani na anaishia wapi.

Kwanza tuweke hesabu mezani. Taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na silaha za moto milioni 393, zaidi ya silaha moja kwa kila mtu, watoto wachanga wakihesabiwa. Mwaka huohuo utafiti wa taasisi ya Pew ulionyesha kwamba theluthi mbili ya wenye silaha walikuwa na zaidi ya moja, na asilimia 29 walikuwa na tano au zaidi. Lakini kuwa na tano hakumfanyi mtu mkusanyaji. Huyo anaweza kuwa na bunduki ya kulungu, nyingine ya bata, bastola ya nyumbani, ya mkewe, na moja aliyoachiwa na babu. Kila moja ina kazi yake, na akipata iliyo bora zaidi atauza ya zamani bila kusita.

Mkusanyaji ana uzi anaoufuata. Mwulize kwa nini ana bastola hii na hana ile, atakujibu papo hapo, na jibu lake litahusu bastola nyingine zilizomo ndani ya sefu. Kwa mfano, wapo wanaotaka M1911A1 moja kutoka kwa kila mtengenezaji wa Vita Kuu ya Pili. Watengenezaji ni watano: Colt, Remington Rand, Ithaca, Union Switch & Signal waliokuwa wakitengeneza ishara za reli, na Singer. Mtu wa kipato cha kati, akiwa na subira ya miaka, anawapata wanne. Wa tano anamwona kwenye picha tu, na mkusanyiko unabaki na pengo ambalo kila mwenzake akitembelea analitambua bila kuambiwa.

Wengine hufuata mabadiliko madogo ya kiwanda kimoja. Smith & Wesson walianza kuzipa bastola zao namba za modeli mwaka 1957, na kila walipobadilisha kitu ndani waliongeza kistari na tarakimu: Model 19, kisha 19-1, kisha 19-2, na kuendelea. Hadi mwaka 1982 mitutu ya rivolva zao, yaani bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, ilishikiliwa na pini ndogo ya chuma iliyopita juu ya fremu. Baada ya hapo pini ikaondolewa. Kwa mtu wa pembeni rivolva mbili hizo ni kitu kimoja. Mkusanyaji, akiiona pini, anajua umri wa bastola kabla hajaigusa, na pini hiyohiyo inampandishia bei.

Kuna pia nyuzi zilizosokotwa na sheria yenyewe. Walther PPK ni bastola ndogo ya Kijerumani ya miaka ya 1930. Sheria ya Marekani ya 1968 iliweka mfumo wa alama kwa bastola zinazoingizwa kutoka nje, na ukubwa ni sehemu ya alama hizo, kwa lengo la kuzuia bastola ndogo za bei rahisi. PPK haikufikisha alama. Walther wakachukua sehemu ya juu ya PPK wakaiweka kwenye fremu ya PP, bastola yao nyingine, ambayo ni ndefu kidogo, wakaiita PPK/S, nayo ikaruhusiwa. Wakusanyaji wa Walther leo wanaziweka tatu hizo kwa mfululizo, PP, PPK, PPK/S, na ukizitazama unasoma sera ya forodha ya Marekani kwenye chuma.

Lakini lango ambalo watu wengi wa kawaida waliingilia ni silaha za ziada za majeshi. Vita Baridi vilipoisha, maghala ya Ulaya Mashariki yalifunguliwa na bastola zikamiminika Marekani zikiwa bado na grisi nzito ya ghalani. Katika miaka ya 2000 rivolva ya Nagant ya mwaka 1895, iliyobuniwa na Mbelgiji na kutumiwa na Warusi kwa zaidi ya nusu karne, ilipatikana kwa chini ya dola 100. Ni chombo cha ajabu. Ukivuta nyundo, silinda yenye risasi saba inasogea mbele na kukumbatia mwanzo wa mtutu ili gesi isivuje pembeni, jambo ambalo rivolva nyingine karibu zote hazifanyi. Mtu mwenye mshahara mdogo aliweza kushika mkononi suluhisho la kihandisi la karne ya 19, akalifungua, akalielewa. Milango hiyo haikubaki wazi. China ilipigwa marufuku kuingiza silaha Marekani mwaka 1994, maghala mengine yakaisha, na bei zikapanda. Wengi wanaojiita wakusanyaji leo walianza na bastola moja ya namna hiyo iliyowafanya waulize swali la pili.

Ubavu kwa ubavu na Luger

Tuchukue bastola moja tuikague kama wanavyoikagua wao. Luger P08 ilipokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, baada ya Waswisi mwaka 1900 na jeshi la wanamaji la Ujerumani mwaka 1904. Zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, na askari wa Marekani walirudi nazo nyumbani kutoka vita vyote viwili, kwa hiyo si adimu. Luger mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana bei mara tatu au nne, na sababu ziko kwenye namba.

Kiwandani, Luger ya jeshi iligongwa namba yake ya mfululizo kwenye fremu na kwenye mtutu, kisha tarakimu mbili za mwisho zikagongwa kwenye vipande vidogo kimoja baada ya kingine: bamba la ubavuni, kifyatulio, kitufe cha usalama, kiungo cha nyuma kinachopinda kama kiwiko. Mkusanyaji anachukua kioo cha kukuzia na kupita kipande kwa kipande. Kama namba ya bastola inaishia na 47, anataka kuona 47 kila mahali. Akikuta 82 kwenye kipande kimoja, ina maana ghala fulani au fundi fulani alichanganya vipande, na bei inaporomoka. Kisha anageuza magazini, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, na kusoma kitako chake. Kama nayo ina namba ya bastola hiyohiyo, mapigo ya moyo yanaongezeka, kwa sababu magazini ndizo zilizopotea kwanza vitani.

Baada ya namba anatazama rangi. Chuma cha bastola za zamani kilitiwa rangi ya buluu iliyokaribia weusi kwa njia ya kemikali na joto, na rangi hiyo hulika pale mkono na mkoba wa ngozi vilipogusa kwa miaka. Uchakavu huo ni wa haki: mdomo wa mtutu na kingo zikiwa zimepauka, katikati pakiwa bado pana rangi, bastola inaeleza maisha yake. Ikiwa imeng'aa kote sawasawa huku kingo za herufi zimekuwa butu, kuna mtu aliisugua na kuipaka upya. Hapa ndipo mgeni wa jambo hili hushangaa zaidi. Bastola iliyochakaa kwa haki ina thamani kuliko iliyorembwa. Kuipeleka kwa fundi ikarudi inameta ni kufuta maandishi, na hasara yake hairudishiki.

La mwisho ni karatasi. Askari wa Marekani waliorudi na silaha za adui kutoka Vita Kuu ya Pili walipaswa kuwa na hati iliyosainiwa na ofisa, ikitaja silaha na namba yake. Luger yenye hati hiyo inapanda bei. Isiyo na hati mara nyingi huja na simulizi badala yake: ilivuliwa kwa jenerali, ilikamatwa Berlin, babu aliichukua kwa mikono yake. Wakusanyaji wana onyo lao la siku nyingi juu ya hilo, kwamba ununue bastola, usinunue hadithi. Colt na Smith & Wesson hutoa, kwa malipo, barua kutoka kwenye kumbukumbu zao inayosema bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani tarehe gani na ikapelekwa kwa nani. Barua hiyo imewavunja moyo wengi walioamini waliyoambiwa na baba zao. Na pale hadithi inapothibitika kwa nyaraka, fedha inafuata. Agosti 2021 rivolva ya Colt ambayo mkuu wa polisi Pat Garrett alimuulia jambazi maarufu Billy the Kid huko New Mexico mwaka 1881 iliuzwa kwenye mnada wa Bonhams kwa zaidi ya dola milioni 6. Colt nyingine za modeli ileile na hali ileile haziikaribii hata kwa mbali.

Sheria inavyokata

Mkanganyiko mkubwa uko hapa, kwa hiyo twende polepole. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaanza kwa kuuliza umri wa bastola. Iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake inahesabiwa kuwa kitu cha kale, na Sheria ya Kudhibiti Silaha ya 1968 haiitambui kuwa silaha ya moto. Unaweza kuinunua kwa posta. Iliyotengenezwa Januari 1899, hata kama imefanana nayo kwa kila kitu, iko upande wa pili wa mstari. Ndiyo maana majedwali ya namba za mfululizo yana uzito mkubwa: kwenye modeli zilizotengenezwa miaka hiyo, kama Mauser C96 iliyoanza mwaka 1896, tarakimu chache zinaamua kama kitu ulichoshika kinaongozwa na sheria au la. Majimbo nayo yana masharti yao, na ruhusa ya shirikisho haikulindi dhidi ya katazo la jimbo.

Linafuata kundi la bastola zilizofikisha miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili. Hizi ni silaha kamili, ila sheria inazitambua pia kama kumbukumbu za kale. Mtu anaweza kuomba leseni ya mkusanyaji, ya aina namba 03, inayolipiwa dola 30 kwa miaka mitatu, na kwa leseni hiyo akanunua bastola za kundi hili moja kwa moja hata kutoka jimbo jingine, zikaletwa nyumbani kwake. Umri huo unahesabiwa kila siku upya. Bastola iliyotoka kiwandani mwaka 1975 iliingia kundini mwaka 2025, na kila mwaka huingia za mwaka unaofuata. Watu wa rika langu wanastaajabu kuona silaha za utoto wao zikiitwa za kale.

Kwa upendeleo huo kuna kazi ya kufanya. Mwenye leseni lazima awe na daftari la kudumu, aandike kila bastola iliyoingia na kila iliyotoka chini ya leseni: tarehe, mtengenezaji, modeli, kaliba (kipimo cha risasi), namba ya mfululizo, imetoka kwa nani au imekwenda kwa nani. Wakala wa serikali wa silaha, ATF, anaruhusiwa kulikagua mara moja kwa mwaka. Kwa maoni yangu daftari hili ndilo linaloonyesha vizuri kuliko kitu kingine chochote nani ni mkusanyaji. Mlimbikizaji hapendi kuandika. Mkusanyaji angeandika hata kama serikali isingemwagiza, na wengi wanaongeza safu za kwao: bei, hali, alama zilizopatikana baada ya kusafisha, jina la mjane aliyeuza na alichosema kuhusu mumewe.

Bastola ya kisasa haina upendeleo wowote. Mnunuzi huenda kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lake, awe na miaka 21, ajaze fomu ya shirikisho namba 4473, kisha jina lake lipitishwe kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998. Akinunua bastola mbili au zaidi kwa muuzaji mmoja ndani ya siku tano za kazi, muuzaji anapaswa kuripoti ATF. Kati ya watu binafsi wa jimbo moja, sheria ya shirikisho haidai ukaguzi huo, ingawa majimbo kadhaa yanaudai, na pengo hili ni moja ya mambo yanayogombewa sana katika siasa zao.

Sasa swali ambalo hata Wamarekani hulikosea: mkusanyaji akiuza, anakuwa mfanyabiashara lini? Sheria inamruhusu mtu kununua, kubadilishana na kuuza mara mojamoja ili kuboresha mkusanyiko wake, na kuuza mkusanyiko wote au sehemu yake, bila leseni ya biashara. Anayenunua na kuuza mfululizo kwa lengo kuu la faida anahitaji leseni ya muuzaji, na sheria iliyopitishwa Juni 2022 iliubana zaidi mpaka huo. Hakuna idadi iliyotajwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba bastola kumi kwa mwaka ni sawa na kumi na moja ni kosa. Kinachotazamwa ni nia, na nia husomwa kwenye matendo: bastola ikinunuliwa Jumamosi na kuwekwa mezani kwenye maonesho ya silaha Jumamosi inayofuata, ikiwa bado ndani ya boksi, ni vigumu kumshawishi hakimu kwamba ilikuwa mapenzi. Mtu mwaminifu anaweza kuvuka mpaka huu akiwa hajui, na kosa lake ni la jinai.

Kuna mtego mwingine wa ajabu unaohusu kipande cha mti. Baadhi ya Luger na Mauser C96 ziliuzwa na kitako cha mbao cha kuchomeka nyuma, ili mtu aipige begani. Chini ya sheria ya 1934, bastola yenye mtutu mfupi ikiwekewa kitako inageuka bunduki fupi inayohitaji kusajiliwa serikalini. Baadhi ya zile za asili zimeondolewa katika katazo hilo kwa sababu ya thamani yake ya kihistoria. Ukichomeka kitako kwenye bastola isiyo kwenye orodha, umetenda kosa kubwa sebuleni kwako kwa kusukuma mkono tu.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna jambo la kushika zaidi ya yote hayo. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha kama raia, akitimiza masharti mengine. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida hawezi kumiliki wala kushikilia silaha ya moto wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Hata rafiki akikuomba umtunzie sefu akiwa safarini, ukapewa na ufunguo, jambo hilo linaweza kuhatarisha hadhi yako nchini.

Nje ya Marekani uhuru huo haupo, ila mkusanyaji hakufutwa. Uingereza ilipiga marufuku bastola karibu zote mwaka 1997, baada ya mtu mmoja kuwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Uskoti, Machi 1996. Hata sheria hiyo ilibakiza mlango mdogo: bastola zilizotengenezwa kabla ya 1919 zinaweza kuwekwa nyumbani kwa kibali, bila risasi zake, na zile zenye umuhimu wa pekee zinaweza kuhifadhiwa na kutumiwa kwenye kituo maalumu kama Bisley. Ujerumani hutoa kibali chekundu kwa mkusanyaji, na ili kukipata lazima aonyeshe kwamba mkusanyiko wake una maana ya kihistoria na kiutamaduni, pamoja na mada inayouongoza. Napenda msimamo huo wa Wajerumani kwa sababu unamdai mtu maarifa kwanza. Kanada ilisimamisha uuzaji na uhamishaji wa bastola kati ya raia Oktoba 2022, kwa hiyo mikusanyiko mingi huko inazeeka pamoja na wenyewe. Kwa upande wetu, sheria ya Kenya inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri ya kuhitaji silaha, Tanzania ina sheria yake ya udhibiti ya 2015, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazifunga nchi za ukanda huu kudhibiti silaha ndogo. Novemba 2016 Kenya ilichoma hadharani silaha haramu 5,250 huko Ngong. Eneo lililokwisha kuona wizi wa mifugo ukigeuka vita kwa sababu ya bunduki lina haki ya kulitazama jambo hili kwa jicho jingine.

Umri hauondoi risasi

Ninaheshimu maarifa ya watu hawa, na kwa sababu hiyohiyo nasema bila kuzunguka: bastola ya mwaka 1918 inaua leo. Ile rivolva maarufu ya Colt ya 1873 ina tatizo la kimaumbile. Nyundo ikilazwa juu ya risasi, bastola ikianguka sakafuni inaweza kufyatuka yenyewe, ndiyo maana wanaoijua hujaza risasi tano na kuacha tundu la sita tupu chini ya nyundo. Kwenye maonesho makubwa kama yale ya Tulsa, Oklahoma, yenye meza zaidi ya 4,000, na kwenye mikutano ya klabu, desturi ni moja: unayepokea bastola unaifungua na kuitazama kama ina risasi, hata kama aliyekupa ameifungua mbele ya macho yako sekunde mbili zilizopita. Hakuna anayechukia.

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye ajali. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia zaidi ya watu milioni 26 wa California, ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikuwa katika hatari ya kujiua kwa risasi karibu mara nane kuliko wasio nazo, na kwa wanawake pengo lilikuwa kubwa zaidi. Mkusanyaji hana kinga katika hesabu hiyo. Wengi wao ni wanaume wazee, wengine wajane, umri ambao huzuni huja bila kubisha hodi. Sefu nzito huzuia mwizi na mtoto. Haimzuii anayejua namba za kufungulia. Klabu nzuri zimeanza kulizungumza hili waziwazi: kumwachia rafiki aliyeruhusiwa kisheria funguo kwa muda, kuweka risasi mahali pengine kabisa, kutokuwa na risasi za kaliba fulani nyumbani hata moja. Mkusanyiko haupungukiwi thamani hata senti kwa kukosa risasi, na mtu anayedai unapungukiwa, kwangu, anakusanya kitu kingine.

Kisha mwenye mkusanyiko anakufa, na sefu inabaki na mke au watoto ambao hawajui Luger wala Nagant. Sheria ya shirikisho inaruhusu silaha kurithiwa kwa wosia au kwa utaratibu wa mirathi, hata kuvuka jimbo, mradi mrithi mwenyewe hajakatazwa kumiliki silaha. Mjane aliyetoka kwetu na ambaye hadhi yake ya uhamiaji bado ni ya muda asiziguse. Amwite mwanasheria na muuzaji mwenye leseni azichukue kwa hati. Kosa linaloumiza familia nyingi ni kumkubalia mtu wa kwanza anayebisha hodi wiki ya msiba, mara nyingi rafiki wa marehemu, akiwa na pesa taslimu mkononi na bei moja kwa zote. Kosa jingine ni kuzisafisha ili zipendeze machoni pa mnunuzi, na hapo rangi ya miaka 80 inaondoka kwa kitambaa na dawa ya dukani. Zitolewe kwenye mikoba ya ngozi, kwa sababu ngozi hufyonza unyevu na kuleta kutu, ziwekwe pakavu, zisiguswe kwa mikono mitupu kwa kuwa jasho huchora alama ya kidole kwenye chuma. Halafu litafutwe daftari. Likipatikana, nyumba ya mnada inaweza kufanya kazi yake kwa siku chache, kila bastola ikiwa na jina, chanzo na bei iliyolipwa. Lisipopatikana, zile hati za askari na barua za viwandani zilizokunjwa ndani ya maboksi ya chini kabisa, ambazo watu wengi huzitupa wakidhani ni risiti za zamani, zinaweza kuwa na thamani kuliko baadhi ya bastola zenyewe.